Geuza Kwanza: Miaka Yangu na Lebo za Mbegu

Siku mliyoniaga nilipewa kipaza sauti, nikasema maneno machache, nikarudi kukaa. Mkadhani ni machozi. Ukweli ni kwamba niliona pilau inapoa, na wapishi wa Gongoni nawaheshimu. Lakini wawili kati yenu mliniuliza siku ile kwa nini kila nikishika pakiti ya mbegu dukani naenda nayo mlangoni kabla hata sijamaliza salamu, nami nikawajibu kwa mkato kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nina nafasi. Chai ya tangawizi ipo pembeni, miguu ipo juu ya kigoda, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vilipojisikia, na mshahara kila mmoja wenu anaujua ulivyo.

Nilizaliwa Gongoni, hapa Tabora mjini, mtoto wa fundi saa. Baba alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia alichokibana jichoni akifanya kazi, na akienda kuswali adhuhuri mimi nilikiiba nikatazama kila kitu: chembe za sukari, bawa la nzi, uzi wa kanga ya mama. Alijua, maana kioo alikikuta kina jasho, lakini hakunigombeza hata mara moja. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa ada ya shule.

Lakini ofisi ya ukaguzi wa mbegu haikuniajiri kwa ajili ya macho. Niliajiriwa kuotesha. Siku ya kwanza nilikabidhiwa buti za mpira zilizoachwa na mtu mwenye miguu mikubwa, ndoo, na chumba chenye trei za mchanga, nikaambiwa kazi yangu ni kupanda mbegu za watu, kusubiri, na kuandika ngapi zimeota. Nilidhani nitachoka baada ya mwezi. Kumbe mbegu ikipasua mchanga asubuhi, ukiwa wewe ndiye wa kwanza kuiona, ni jambo zuri sana, na halikunichosha hadi nilipostaafu.

Mambo ya lebo yalikuja baadaye. Wajanja walikuwa wameanza kununua mahindi ya kula sokoni, wanayapaka rangi ya dawa, wanayatia kwenye pakiti nzuri na kuyauza kama mbegu. Mkulima anapanda, anapalilia, anavuna mabua. Kampuni za mbegu zikaanza kubandika kwenye mdomo wa pakiti kijilebo kinachong'aa, na sisi ofisini tukaletewa mtu wa kutufundisha kukisoma.

Mtu huyo alikuwa Mzee Kulwa, Mnyamwezi wa Isikizya, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani kwa sababu, alivyosema, mtu hawezi kuishi maisha yake yote anaoga maji ya chumvi. Ofisi ikamwajiri kwa mkataba. Somo la kwanza alinipa tukiwa tumesimama mlangoni, na lebo ipo kiganjani mwake.

"Mwanangu, hiki kinafanya nini?"

"Kinang'aa, mzee."

"Sufuria ya mama yako nayo?"

"Inang'aa."

"Na kipara cha mhasibu wenu?"

Nilicheka, mhasibu akatoa kichwa dirishani. Mzee Kulwa hakucheka. "Basi kung'aa si kitu," akasema. "Kila kitu kinang'aa. Geuza kwanza, uone kinafanya nini."

Nikainamisha lebo. Hindi lililochorwa pale likatoweka, mahali pake likatokea jani. Nikairudisha, hindi likarudi. Akanieleza kwamba ile karatasi ya plastiki imekandamizwa mistari myembamba mno, myembamba kuliko unywele, na mistari hiyo ndiyo inayoupasua mwanga na kuutuma huku na kule. Ukisimama hapa unapewa picha hii, ukisogea pale unapewa nyingine. Hiyo ndiyo hologramu. Mashine ya fotokopi inatazama kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo ikinakili hologramu inatoa kitu cha kijivu kilichokufa.

Alinifundisha na mengine. Wino unaoanza kijani na kuishia zambarau ukiuinamisha. Mstari ulioonekana kama mstari tu pembezoni mwa lebo, kumbe ukiuwekea kioo ni maneno yaliyorudiwa kuzunguka lebo nzima. Nyuzi zilizofichwa ndani ya karatasi, zinazowaka buluu ukizimulikia tochi ya mwanga wa zambarau. Utaratibu wake ulikuwa jicho kwanza, kioo pili, tochi mwisho, kwa sababu jicho halina betri. Na kila kitu kifanyike mlangoni, kwenye jua, kamwe si chini ya taa ya dukani. Taa ya dukani, alisema, imewekwa na muuzaji.

Kioo cha kwanza alichonipa kilikuwa na ufa. Nikakiweka kando nikatumia cha baba, ambaye wakati huo macho yalikuwa yamemchoka na saa zenyewe watu walikuwa wanatazama kwenye simu.

Nikawa nazunguka na kioo hicho. Safari zetu nyingi zilielekea magharibi, Urambo na Kaliua, kwenye njia ileile ambayo misafara ya zamani iliifuata kwenda Ujiji na vitambaa na shanga. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba wazee wa huku walizishika shanga za wageni juani na kuzigeuza kabla ya kukubali kubadilishana. Sijui kama ni kweli, babu alipenda kutupandisha chati. Lakini nilifurahi kufikiri kwamba kazi yangu ina umri mkubwa kuliko ofisi yangu.

Vijijini tulizikuta zile lebo kila mahali. Watu walibandua vipande vyake wakavibandika kwenye madigadi ya baiskeli, kwenye redio, na sikukuu moja ya Idi niliwaona watoto wamevibandika kwenye paji la uso. Na feki tulizikamata kirahisi kweli, maana za miaka ile zilikuwa fotokopi tupu. Ukiona lebo imefifia, ya kijivu, basi. Tukazoea. Ofisi nzima ikawa na neno moja, iliyofifia ni feki, na hakuna aliyelihoji kwa sababu kila mara lilikuwa kweli.

Hapo ndipo alipoingia Kabula.

Alikuwa mama wa kijiji cha Ntalikwa, Mmoraviani, mwanakwaya, mdogo kwangu kwa umri. Alikuja ofisini asubuhi moja mwanzoni mwa mvua, akasema shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha bila kukaa akafungua fundo la kanga na kumwaga punje juu ya meza yangu.

"Dada, nitazamie hizi. Mbegu gani hiyo inaliwa na dumuzi kabla haijapandwa?"

Sikuhitaji kioo. Chini ya rangi ya waridi punje zilikuwa na matundu, yale matundu ambayo mtu yeyote wa Tabora mwenye ghala la mahindi anayajua na kuyalaani. Yalikuwa mahindi ya kula, tena ya zamani.

Akanieleza. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimechanga hela za mbegu na kumtuma yeye mjini, kwa kuwa wanamwamini. Akanunua kwa Mzee Salum, mfanyabiashara wa Gongoni. Alipowagawia, waliofungua wakakuta matundu. Wakasema amenunua mahindi sokoni, akayapaka rangi mwenyewe, na chenji ameila.

"Kwaya hawanisemeshi," alisema. "Juzi nimefika kisimani, wakanyamaza wote. Na mwenyekiti wetu, Mama Maganga, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Yule alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, dada. Mvua ndiyo hii. Wiki ijayo wenzetu watakuwa wamepanda, sisi tutakuwa tumepanda maneno."

Nikamuuliza pakiti ziko wapi. Zilikuwa zimechanwa mdomoni, lebo zimepasuka, kama zinavyotakiwa kupasuka pakiti ikifunguliwa. Vipande vilivyobaki vilikuwa vidogo, havinisaidii. Nikaenda kwa mkuu wetu, Bwana Mhina, nikamwambia twende Gongoni sasa hivi, tusisubiri.

Bwana Mhina mnamkumbuka baadhi yenu, mtu wa Tanga, msafi, leso yake ilipigwa pasi kila siku ya Mungu. Alichukua funguo za gari mwenyewe. Kabula akapanda nyuma.

Mzee Salum nilimjua tangu utotoni, kofia yake na kikohozi chake. Familia yao iko kwenye biashara pale Gongoni tangu enzi nisizozijua. Aliponiona nimeingia na mkuu, akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Zuhura, binti wa fundi saa, umekuja kunifungia duka?"

"Nimekuja kutazama mbegu, Mzee Salum. Shikamoo."

"Marahaba. Tazama. Zipo chumba cha nyuma, stoo mwaka huu inavuja."

Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Bwana Mhina akawasha taa. Ukutani kulikuwa na rundo kubwa la pakiti, na lebo zake zilikuwa zimekufa kabisa, kahawia ya kijivu, hakuna kitu. Mbele yake, karibu na mlango, kulikuwa na rundo dogo, na lebo zake zilimeta mpaka zikaumiza macho.

Bwana Mhina alitazama hili, akatazama lile, akashusha pumzi. Msimlaumu. Mimi mwenyewe moyo ulishuka, kwa sababu niliyoyaona yalikuwa yaleyale tuliyoyaona miaka yote.

"Mzee, hizi zilizofifia tunazipakia, Jumatatu zinachomwa," akasema. "Duka linafungwa. Hizi nzuri, mama huyu apewe badala ya zake, leo hii, awahi kupanda."

Ulikuwa uamuzi wa huruma. Alimfikiria Kabula kuliko karatasi zake. Kabula akanyoosha mikono, na Mzee Salum, aliyekuwa ameshikilia fremu ya mlango, akaanza kumpa pakiti moja moja kutoka rundo la mbele.

"Mkuu," nikasema, "nipe dakika mbili mlangoni."

Nikachukua moja ya kila rundo, nikapita dukani hadi kwenye jua. Nikaanza na ile nzuri. Nikaiinamisha. Rangi zikakimbia juu yake, nyekundu, kijani, buluu, upinde wa mvua mzima. Nikairudisha, zikakimbia tena. Lakini hindi lilikaa palepale. Halikwenda popote, na jani halikutokea. Nikaweka kioo kwenye mstari wa pembeni. Ulikuwa mstari tu, hauna herufi. Mtu alikuwa amenunua karatasi inayong'aa ya kufungia zawadi, akachapa hindi juu yake, akatuuzia macho yetu wenyewe.

Nikachukua ile iliyofifia. Kwa jicho haikufanya lolote. Nikaweka kioo, na chini ya ukungu wa kahawia nikaona maneno madogo, yamepangana, safi, yamezunguka lebo yote. Nikasogeza pua. Nawaambia, nilikaribia kucheka kwa furaha pale barabarani. Ilinukia ubani.

"Mzee Salum, kile chumba mnakifukiza?"

"Kila Alhamisi jioni," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama anakula. "Tangu marehemu baba. Chetezo kinawekwa katikati, mlango unafungwa, inasomwa Yasini, biashara inapata baraka. Kuna kosa?"

"Na mbegu zimo humohumo?"

"Stoo inavuja, nimekwambia. Zimo tangu kiangazi."

"Na hizi zinazong'aa?"

Akakohoa. "Hizo zimekuja Jumamosi. Kijana mmoja na pikapu, akasema ni wakala mpya. Niliona msimu mkubwa, zangu hazitatosha. Nikazitazama, zinang'aa kuliko zangu. Nikazipenda."

Sheria yetu ilikuwa kutogusa lebo, iandikwe kama ilivyokutwa. Nikamtazama Bwana Mhina. Bwana Mhina akaitazama leso yake kwa majonzi, akailowesha kwenye birika la maji ya kunywa, akaifuta lebo mwenyewe. Leso ikatoka na doa la kahawia. Akaiinua lebo juani, akaiinamisha. Hindi likaondoka, jani likaja.

Aliigeuza mara nyingi. Halafu akafungua pakiti ya kila rundo juu ya kaunta. Iliyofifia ilikuwa na mbegu nzima, nzito, zinalingana. Ile nzuri ilikuwa na matundu.

"Tulikuwa tunakwenda kuchoma mbegu," akasema, "na kumpa huyu mama dumuzi mara ya pili."

Tangu siku ile pamba na kichupa cha maji viliingia kwenye begi la kazi, na Bwana Mhina ndiye aliyekwenda kuwafundisha wenzetu wa wilaya nyingine, akisimulia habari ya leso yake kwa uchungu uleule kila mara. Nilipomsimulia Mzee Kulwa, alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniuliza kama kila Alhamisi Salum alikuwa akifukiza udi au ubani, kwa sababu udi una mafuta zaidi. Ndivyo alivyokuwa. Ameshatangulia sasa, Mungu amrehemu. Siku hizi mna namba za kukwangua na kutuma kwa simu, ni kitu kizuri, nakishukuru, lakini kuna vijiji ambako mtandao unafika siku ukipenda. Jua linafika kila siku.

Ila siku ile haikuishia Gongoni, na sehemu iliyobaki haikuwa kazi yangu kwa mujibu wa kanuni yoyote. Rundo la mbele tulilichukua. Duka lilifungwa kwa muda, na Mzee Salum alilipa alichotakiwa kulipa kwa kupokea bidhaa kwa mtu asiyemjua. Pakiti halali zikafutwa, akamhesabia Kabula badala ya zake. Kabula hakuzipokea.

"Nikizipeleka mimi," alisema, "watasema nimetapika nilichokula."

Bwana Mhina akasema atamwandikia barua yenye mhuri.

"Baba, nusu yao hawasomi. Na hao wanaosoma ndio wanaonisema."

Taarifa yangu ingesafisha mbegu, ingesafisha hata duka baada ya muda, lakini haikuwa na mahali pa kuandika jina la mwanamke anayenyamaziwa kisimani. Nilijisikia sina nguvu, na kioo changu mkononi.

Mzee Salum akaingia ndani. Nikadhani ameudhika. Akatoka amevaa kanzu safi na kofia nyingine, akajipandisha kwenye gari letu la ofisi kwa shida, magoti yakimgomea.

"Twendeni Ntalikwa," akasema.

Akina mama walikusanyika kwenye banda la kikundi, walipoona gari la serikali wakaja na wasiokuwa wanachama. Mama Maganga alikaa mbele, mwanamke mzima, mnene, uso umefungwa. Kabula alisimama pembeni, peke yake, na palikuwa na nafasi kubwa kati yake na wenzake.

Mzee Salum hakungoja kukaribishwa. Alisimama katikati, tajiri wa mjini mbele ya wateja wake, akainua pakiti feki kwa mkono mmoja na halali kwa mwingine.

"Mimi ndiye Salum wa Gongoni. Mama huyu alikuja kwangu na hela yenu yote, akanipa yote, nikampa hizi. Mbovu hizi nilimpa mimi, kwa mkono huu. Sikujua, lakini nilimpa. Hakula kitu. Mwenye neno, aniambie mimi, nipo hapa."

Hakuna sheria iliyomlazimisha. Nimefanya kazi na wafanyabiashara maisha yangu yote, na naandika haya kwa shukrani iliyonijaa, kwa sababu sijamwona mwingine akifanya vile.

Nikawapitishia zile lebo. Wakatoka nje ya banda, wakazielekeza juani, wakageuza. Hindi, jani, hindi. Bibi mmoja aligeuza akasema kwa Kinyamwezi maneno yaliyowachekesha wenzake, sikuyapata. Mama Maganga aligeuza ya kwake kwa muda mrefu kuliko wote. Feki nayo akaigeuza. Akazirudisha zote mbili kwa Mzee Salum, akasema, "Wabeja, baba," asante ya Kinyamwezi, taratibu.

Kisha akaenda kwenye gari, akabeba yeye mwenyewe boksi la mbegu halali tulizokuja nazo, akakataa kusaidiwa. Alilipitisha katikati ya watu, akalivusha ile nafasi tupu, akalitua miguuni kwa Kabula.

"Gawa wewe," akasema. "Ndivyo tulivyokutuma."

Kabula akakaza kanga kiunoni, akainama, akatoa pakiti ya kwanza. Akampa Mama Maganga.